Bomba moja, majina matano: nani mwenye maji ya Dar es Salaam?

Mkazi wa Ilala au Kinondoni aliyekuwa na bomba la maji nyumbani mwaka 1980, na ambaye hajahama mpaka leo, amepokea ankara kwa majina mengi. Kwanza idara ya maji ya serikali, kisha NUWA, kisha DAWASA, kisha City Water, kisha DAWASCO, na sasa DAWASA tena. Mita yake huenda imebadilishwa mara kadhaa. Bomba lililofukiwa barabarani, katika mitaa mingi ya zamani, halijabadilishwa. Na maji yanayopita humo, yanapopita, bado yanatoka mto uleule wa Ruvu.

Umeme una historia nyingine kabisa. Jina TANESCO limedumu tangu 1968, katika vipindi vya mgao, mikataba iliyozua kelele bungeni na mameneja walioletwa kutoka nje. Mji ni mmoja na wateja ni walewale, tena huduma hizi mbili zinategemeana kuliko watu wengi wanavyojua. Imekuwaje moja ikabaki na jina lake na nyingine ikabadilishwa jina karibu kila kizazi?

Ubishi wetu juu ya maji kwa kawaida huishia kwenye swali moja: iendeshe serikali au apewe mwekezaji? Naamini swali hilo limetupotezea muda mwingi. Historia ya maji ya Dar es Salaam imeamuliwa zaidi na mambo mawili. La kwanza ni umbali wa mto, pamoja na umeme unaohitajika kuyapandisha maji hadi mjini. La pili ni namna shilingi ya mteja inavyogawanywa kati ya mwenye bomba na muuza maji. Hili la pili ndilo lililotufikisha mahakamani London na Washington, na wengi wetu hatukuwahi kuelezwa vizuri kilichotokea huko.

Mji uliochaguliwa kwa bandari

Sultani Majid wa Zanzibar alipoamua kujenga hapa katika miaka ya 1860, alichovutiwa nacho ni bandari iliyokingwa na mawimbi. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, nao waliitaka bandari. Hakuna aliyeuchagua mji huu kwa sababu ya maji. Watu walichimba visima, na kisima cha karibu na bahari kina tabia yake: ukikivuta sana, chumvi inaingia.

Kuzunguka mwaka 1950 Waingereza walijenga mtambo wa Mtoni kwenye mto Kizinga. Mtambo huo upo mpaka sasa na uwezo wake ni lita milioni 9 hivi kwa siku, kiasi ambacho mji wa leo unakimaliza kabla watu hawajamaliza kunywa chai ya asubuhi. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi kando ya barabara ya Morogoro. Mwaka 1976 ukafuata Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, kwa msaada wa Kanada.

Tarehe hizo zisome sambamba na sensa. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 1978 walikuwa takriban 843,000. Sensa ya 2002 ilihesabu karibu milioni 2.5, na ya 2012 ikakuta zaidi ya milioni 4.3. Katika muda wote huo baada ya 1976, kwa zaidi ya miaka 30, hakikujengwa chanzo kingine kikubwa. Wakurugenzi walibadilishwa, sheria zikaandikwa upya na nembo zikachorwa upya, lakini lita zilizotoka mtoni zilibaki karibu zilezile huku watu wakiongezeka mara tano. Kampuni yoyote duniani ingepewa mji huu katika hali hiyo ingegawa upungufu.

Kuna jambo jingine la kijiografia linalosahaulika. Mitambo ya Ruvu iko bondeni, mtoni. Maji hayaji mjini yenyewe. Mto ukishachotwa, maji yanawekwa shabu ili tope litue, yanachujwa, yanatiwa klorini, kisha yanasukumwa na pampu kubwa za umeme makumi ya kilomita kupanda mlima. Ya Ruvu Juu yanafuata barabara ya Morogoro kwenda matangi ya Kibamba na Kimara. Ya Ruvu Chini yanaishia matangi ya kilima cha Chuo Kikuu. Kutoka huko juu ndipo yanapoteremka kwa uzito wake kuelekea Magomeni, Kariakoo na Upanga.

Njia nzima hiyo ina watu. Anayeishi kando ya bomba kubwa anayaona maji yakipita kwenda mjini na yeye hana, na baadhi hutoboa. Anayeishi mwisho wa mtandao, kusini kuelekea Mbagala au Gongo la Mboto, alipata kilichobaki. Ndiyo sababu mtaa mmoja unaweza kuoga kila siku na mtaa wa pili ukanunua maji kwa dumu, ingawa wote wako chini ya mamlaka moja na bei moja iliyotangazwa.

Umeme ulianza na waliokuwa na fedha

Wajerumani waliwasha umeme wa kwanza Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Mwaka 1920 Waingereza walianzisha idara ya serikali ya umeme. Mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa kampuni binafsi mbili: DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam na miji mingine ya bara, na TANESCO, iliyoelekea Tanga na kujenga maporomoko ya Pangani mwaka 1936, hasa kwa ajili ya mashamba ya mkonge.

Tofauti kati ya huduma hizi mbili ilianzia hapo. Umeme ulikuwa na wateja wakubwa wenye uwezo wa kulipa, kama mashamba, viwanda na reli, kwa hiyo wawekezaji waliukimbilia mapema, enzi ya ukoloni. Maji yalibaki kazi ya serikali kwa sababu hakuna aliyeona faida ndani yake. Wanaosema ubinafsishaji wa huduma za umma uliletwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1990 wanaisahau miaka 30 na zaidi ambayo umeme wa Dar es Salaam ulikuwa mali ya kampuni.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ilinunua hisa na kampuni zile zikaunganishwa. Mwaka 1968 likapatikana jina tunalolijua sasa: kifupi kilibaki TANESCO, ila “Tanganyika” iliyokuwa ndani yake ikawa “Tanzania”. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 mji uliunganishwa na umeme wa Hale, halafu Kidatu ikaanza kuzalisha mwaka 1975. Ruvu Chini ilijengwa mwaka uliofuata, ikaanza maisha yake ikitegemea gridi hiyo.

Utegemezi huo haujaisha. Umeme ukipata hitilafu kwenye njia inayolisha mitambo ya Ruvu, pampu zinasimama, matangi ya juu yanakauka, na maji yanakatika hata katika mtaa ambao taa zake zinawaka. Umeme ukirudi maji hayarudi saa ileile, kwa sababu bomba refu lililoingia hewa linahitaji muda kujaa tena. Kila mgao mkubwa wa umeme ambao mji huu umeupitia ulikuwa pia mgao wa maji, ingawa kwenye magazeti habari hizi mbili zilikaa kurasa tofauti.

Kutoka idara hadi mamlaka

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 maji yalihesabiwa kuwa huduma ya jamii. Vijijini yalitangazwa kuwa bure. Mjini watu walilipa, lakini kiasi kilichokusanywa hakikutosha hata kuendesha pampu, sembuse kubadilisha mabomba. Sheria ya 1981 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Maji Mijini, NUWA, iliyoanza kazi mwaka 1984. Kwa jina ilikuwa ya miji yote ya Tanzania. Kwa vitendo iliendesha Dar es Salaam peke yake.

NUWA ilirithi mtandao uliokwisha kuzeeka na kazi ambayo fedha zake hazikuwapo. Sera ya maji ya 1991 ikageuza mwelekeo: mtumiaji achangie gharama. Mwaka 1997 NUWA iliunganishwa na idara ya majitaka ya jiji, ikazaliwa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam.

Upande huu wa majitaka haukupata nafasi unayostahili, na mimi pia nitaupitia kwa haraka. Mabomba ya majitaka yalijengwa hasa katikati ya mji, na sehemu kubwa ya wakazi mpaka leo hutumia mashimo ya choo yanayonyonywa na magari. Jambo la kukumbuka ni kwamba tangu 1997 ankara moja inalipia maji yanayoingia nyumbani na, kwa waliounganishwa, majitaka yanayotoka.

Mkataba uliowagawa mwenye bomba na muuza maji

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na madeni yaliyoisonga, ikaingia katika mpango wa kimataifa wa kusamehe madeni ya nchi maskini. Miongoni mwa hatua zilizotakiwa ni kukabidhi uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam kwa kampuni binafsi. Serikali ilitangaza zabuni. Kampuni tatu zilipitishwa katika mchujo wa awali, lakini siku ya mwisho bahasha iliyoletwa ilikuwa moja tu, ya Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani. Zabuni yenye mshindani mmoja haina kipimo. Hakuna anayeweza kujua kama bei iliyotajwa ni ya kweli au ni ya kupata kazi kwanza na kujadiliana baadaye.

Wageni hao wawili waliungana na kampuni ya Kitanzania, Superdoll, wakaanzisha City Water Services. Wageni walichukua asilimia 51 na Superdoll asilimia 49. Mikataba mitatu ilisainiwa Februari 2003, na tarehe 1 Agosti mwaka huo City Water ikaanza kazi. Muda uliopangwa ulikuwa miaka 10.

Hapa ndipo wengi walipopotea, kwa sababu neno “kubinafsisha” lilifanya watu waamini kwamba Ruvu imeuzwa. Haikuuzwa. Ulikuwa mkataba wa upangaji. Mwenye daladala anaufahamu vizuri: gari ni lake, anamkabidhi dereva, dereva anapeleka hesabu, na kinachobaki baada ya mafuta ni cha dereva na kondakta. Matengenezo madogo ni ya dereva, injini ni ya mwenye gari. DAWASA ilibaki na mitambo, mabomba na matangi, pamoja na jukumu la kuyapanua. City Water iliyaendesha, ikatengeneza yaliyoharibika, ikasoma mita, ikakusanya fedha, na ikatakiwa kulipa ada ya pango kila mwezi.

Fedha aliyolipa mteja iligawanywa mafungu matatu. Fungu moja lilikuwa la mwendeshaji, City Water. La pili lilikuwa la mwenye mali, DAWASA. La tatu lilikusudiwa mfuko wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza watu wasio na uwezo. Kwa hiyo kila mteja aliyeacha kulipa, na kila bomba lililovuja kabla ya mita, lilizipunguzia fedha pande zote tatu kwa mpigo. Nao uvujaji haukuwa mdogo. Miaka ile zaidi ya nusu ya maji yaliyozalishwa hayakuleta mapato, kwa sababu ya mabomba yaliyooza, maunganisho ya wizi na wateja ambao hawakuwamo kwenye daftari.

Fedha za kukarabati nazo, zilizotajwa kama mafanikio ya uwekezaji, zilitoka wapi? Zaidi ya dola milioni 140 zilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na mkopaji alikuwa serikali ya Tanzania. Kampuni ingeondoka, deni lingebaki. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo mwananchi alistahili kuelezwa kabla ya mengine yote, na halikuelezwa kwa uzito wake.

Hesabu za City Water zilijengwa juu ya matumaini kwamba makusanyo yatapanda haraka. Hayakupanda. Yalishuka chini ya yale ambayo DAWASA ilikuwa ikikusanya kabla yake. Kampuni ililalamika kwamba taarifa za wateja ilizokabidhiwa hazikuwa sahihi, ikaomba masharti yapitiwe upya. Katikati ya mwaka 2004 iliacha kulipa ada ya pango. Mazungumzo ya mwanzoni mwa 2005 hayakufika popote.

Mwezi Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi mkuu. Tarehe 1 Juni serikali ilichukua ofisi na mitambo, mameneja watatu wa kigeni wakaondolewa nchini siku hiyohiyo, na shirika jipya la umma, DAWASCO, likaingia.

Hukumu mbili, na zote ni za kweli

Ukiuliza leo nani alishinda kesi ya City Water, utapata majibu mawili yanayopingana, kwa sababu kesi zilikuwa mbili.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mkataba: City Water dhidi ya DAWASA, mbele ya wasuluhishi waliofuata kanuni za Umoja wa Mataifa za usuluhishi wa kibiashara, London. Swali lilikuwa nani alivunja makubaliano ya upangaji. Uamuzi ulijulikana mwanzoni mwa 2008, na City Water ikaamriwa kuilipa DAWASA takriban pauni milioni 3. Hapo Tanzania ilishinda moja kwa moja.

Kesi ya pili ilikuwa ya wawekezaji, Biwater na Gauff kupitia kampuni yao ya pamoja, dhidi ya Jamhuri ya Muungano yenyewe. Walitumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uingereza na Tanzania, mbele ya kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichopo Washington. Swali hapa halikuwa kama kampuni ilifanya kazi vibaya. Swali lilikuwa kama dola ilimtendea mwekezaji inavyotakiwa.

Hukumu ilitoka Julai 2008. Wasuluhishi walisema serikali ilikosea: tangazo la waziri, kufutwa kwa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, kuingia kwenye ofisi kwa nguvu na kuwaondoa mameneja vilivunja mkataba ule wa nchi mbili. DAWASA ilikuwa na haki ya kusitisha mkataba kwa kufuata hatua zilizoandikwa, lakini dola haikuusubiri mchakato huo umalizike. Kisha wakasema fidia ni sifuri. Sababu yao ni kwamba kufikia tarehe ile ya Juni uwekezaji wenyewe haukuwa tena na thamani yoyote. Kampuni ilikuwa imekwisha kushindwa, na kwa sehemu kubwa ilishindwa kwa sababu ya zabuni yake na uendeshaji wake.

Kwa hiyo anayesema “tulishinda” yuko sahihi, na anayesema “tulikutwa na kosa” naye yuko sahihi. Serikali haikulipa fidia, lakini iliandikiwa kwamba ilitumia nguvu mahali ambapo barua na subira zingetosha.

Kesi ya Washington ilikuwa na jambo moja zuri. Mashirika matano ya kiraia yaliomba kuwasilisha hoja zao na yakakubaliwa. Matatu yalikuwa ya hapa kwetu: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria watetezi wa mazingira LEAT, na TGNP Mtandao, shirika la masuala ya jinsia. Kesi kama hizi kwa kawaida huendeshwa milango ikiwa imefungwa. Safari hii angalau sauti ya wanywaji wa maji yaliyogombewa iliingia kwa maandishi.

TANESCO nayo ilipitia jaribio lake kipindi hichohicho. Mwaka 2002 kampuni ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini ilipewa usimamizi, wafanyakazi wakapinga vikali. Lakini ule ulikuwa mkataba wa usimamizi: mameneja waliendesha shirika kwa malipo, hawakukodi mali na hawakubeba hatari ya makusanyo. Walikata umeme hata kwa taasisi za serikali zenye madeni, wakaondoka mwaka 2006, na shirika likaendelea na jina lake. Umeme ulikuwa pia na LUKU, inayomfanya mteja alipe kabla ya kutumia. Maji yalikuwa bado yanakopeshwa mwezi mzima kabla ankara haijafika.

Wote wa umma, na ugomvi uleule

Baada ya Juni 2005 wengi waliamini tatizo limekwisha, kwa sababu mwendeshaji sasa ni wa serikali. Ila muundo haukubadilika. DAWASA ilibaki mwenye mali, DAWASCO ikawa mpangaji kwa mkataba wa miaka 10, na mteja akaendelea kulipa fedha iliyogawanywa kati ya ofisi mbili. Bomba likipasuka Tabata, mwananchi alitakiwa kujua kama hilo ni tengenezo la mwendeshaji au ni ubadilishaji wa mali wa mwenye bomba, jambo ambalo hata ofisi zenyewe zilibishania. Mwaka 2006 EWURA ilianza kazi ya kupanga bei na kusimamia huduma, kwa hiyo ukawepo mlango wa tatu.

Kipindi hiki ndicho kinachonishawishi kwamba umiliki binafsi haukuwa chanzo pekee cha maumivu. Upangaji huu unataka daftari sahihi la wateja, mita zinazosomeka na maji ya kutosha kuuza. Ukivikosa vitatu hivyo, mwendeshaji anakosa fedha, mwenye mali anakosa hesabu, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Ilitokea kwa City Water. Ilitokea pia kwa shirika letu wenyewe, taratibu zaidi na bila mawakili. Mwaka 2018 serikali iliviunganisha vyombo hivyo viwili na kubakiza DAWASA. Ulikuwa uamuzi mzuri, na ulichelewa.

Wakati huo ofisi zilipokuwa zikibishana, kitu cha maana zaidi kilikuwa kimefanyika mtoni. Ruvu Chini ilipanuliwa kwa fedha za Marekani, kutoka lita milioni 180 na kidogo hadi 270 kwa siku. Ruvu Juu ilipanuliwa kwa mkopo wa India, kutoka lita milioni 82 hadi 196, ikazinduliwa mwaka 2017. Mabomba makubwa mapya yalilazwa. Kwa mara ya kwanza tangu 1976 mji ulipata maji zaidi, na katika mitaa mingi tofauti ilionekana kwenye bomba.

Haikufika kila mahali. Nje ya mtandao, bei inayopangwa na EWURA haina nguvu. Boza linalojaza simtank, mkokoteni wa madumu, jirani mwenye kisima chenye chumvi kidogo: hawa wote wanauza kwa bei ya siku hiyo, na mara zote lita yao ni ghali kuliko lita ya bomba. Matokeo yake ni kwamba asiye na kitu analipia maji zaidi kuliko mwenye nyumba ya ghorofa. Ankara ya mwisho wa mwezi haiwezi kukuonyesha dhuluma hiyo, kwa sababu anayedhulumiwa hana ankara.

Mto wenyewe

Oktoba 2022 mvua za vuli zilichelewa na Ruvu ikapungua hadi mchanga ukaonekana. Uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 hivi hadi kama 300 kwa siku, na mgao ukatangazwa. Mitambo ilikuwa mizima na pampu zilikuwa na umeme, lakini mtoni hapakuwa na cha kutosha kupampu. Novemba mwaka huo visima virefu vya Kigamboni vilizinduliwa kuongeza lita milioni 70, na kwa mara ya kwanza upande wa ng’ambo ukawa unatoa maji badala ya kusubiri yaliyobaki.

Tatizo hilo linajulikana tangu zamani. Ruvu inateremka kutoka milima ya Uluguru bila bwawa kubwa la kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, limekuwamo katika mipango kwa miongo kadhaa na ujenzi wake umeanza miaka ya karibuni, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 300. Litabeba lita bilioni 190. Kwa hesabu ya lita milioni 466 kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya mwaka mzima wa mitambo yote, ukiacha yatakayokauka kwa jua na yale ambayo lazima mto wenyewe uachiwe. Litakuwa pia na mtambo wa kufua umeme wa megawati 20, utakaoingia kwenye gridi. Mamlaka ya maji ambayo miaka yote imekuwa mteja wa umeme sasa inajenga bwawa litakalouzalisha.

Maji ya Kidunda hayatawekwa kwenye bomba. Yataachiwa mtoni na kuteremka yenyewe hadi Mlandizi na Bagamoyo, yakipita mashamba ya umwagiliaji, mifugo na vijiji ambavyo navyo vina haki ya kuchota. Anayegawa haki hiyo si DAWASA wala EWURA. Ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, inayotoa vibali vya kutumia maji ya mto, na mbele yake mamlaka ya maji ya jiji kubwa kuliko yote nchini ni mwombaji kibali, sawa na mkulima wa mpunga aliye juu ya mto.